Hodi Mlangoni mwa Mashine

Mgeni afikapo mlangoni mwa nyumba ya watu wa pwani haingii kama upepo. Husimama nje, akapaza sauti, "Hodi!" Asipojibiwa hubisha mara ya pili, na mara ya tatu, na ikiwa hata mara ya tatu hapana jibu, hugeuka akaenda zake bila kinyongo, maana amekwisha jua kuwa wenyeji hawapo au hawana nafasi. Aliyemo ndani naye ana wajibu wake. Akiwa anasonga ugali hutua mwiko, akiwa anahesabu fedha hushika kwa kidole mahali alipofikia, kisha huitikia, "Karibu!" Mgeni akisha kueleza haja yake akaondoka, mwenyeji huirudia sufuria yake, au hesabu yake, akaendelea pale pale alipoachia.

Nawaandikia habari za desturi hii, enyi vijana wa shule za sekondari, kwa kuwa nimeikuta mahali ambapo sikutazamia kuikuta: ndani ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Na kwa kutoijua vizuri huko, nilimdhania mwana wa watu kuwa ni mwizi.

Yanibidi nianze na maji. Mombasa, kisiwa chake na ng'ambo zake zote, hunywa maji yatokayo mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Mabomba ni ya zamani na watu wamezidi. Kwa hiyo katika mitaa mingi ya Likoni, Kisauni na Changamwe mfereji huweza kukauka siku nyingi, na mwenye kiu hununua maji kwa mtungi wa lita 20, kutoka kwa mwenye kisima au kwa msukuma mkokoteni. Jirani yangu wa Likoni, bibi mmoja mjane, ana kisima, pampu ya umeme, tangi lililopandishwa juu ya nguzo, na bomba la kuuzia. Wakati wa habari hii mtungi ulikuwa shilingi 5. Alinijia jioni moja, nami nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mwalimu, nasikia mwawafundisha watoto vyombo vya umeme. Macho yangu hayaoni tena, na daftari silisomi. Nitengenezeeni kitu cha kunihesabia maji yangu, nijue jioni nimeuza kiasi gani."

Ombi hilo nililipeleka shuleni, katika chama chetu cha sayansi, likapokewa kwa shangwe. Kwenye bomba la kuuzia tulifunga mita yenye gurudumu dogo lizungushwalo na maji. Kila ipitapo lita moja, sumaku hupita mara moja mbele ya kichupa cha kioo chenye ndimi mbili nyembamba za chuma. Ndimi hizo huvutwa zikagusana, umeme ukapita. Sumaku ikienda zake, huachana. Waya wa kichupa hicho uliingia katika ubao wenye prosesa ya aina ya Cortex-M3, iliyobuniwa na kampuni ya ARM ya Cambridge, Uingereza, ikatangazwa mwaka 2004. Prosesa za ukoo huo ni nyingi duniani, nasi huzitumia bila kuziona, maana hazikai mezani kama tarakilishi, bali hufichwa ndani ya mita, mashine za kufulia na vifaa vya hospitali. Ya kwetu ilikwenda hatua milioni 72 kwa sekunde. Tuliiunganisha pia na modemu iliyotiwa laini ya simu ya bibi, ili mteja akilipa kwa M-Pesa ujumbe wa malipo usomwe na mashine yenyewe. Na juu yake tukaweka kioo cha kuonyeshea nambari kubwa kubwa, azionazo bibi.

Sasa fikirini shida ya prosesa hiyo. Yapaswa kuangalia mita, modemu na saa, na wakati huo huo iandike nambari kiooni. Yaweza kufanya kama mtumishi mwenye wasiwasi: kila kitambo aache kazi yake, aende mlango wa mbele, afungue, achungulie, arudi, aende mlango wa uani, afungue, achungulie, arudi. Mtumishi huyo atachoka bure siku ambayo hapana mgeni, na siku ya wageni wengi mmoja atafika pale pale alipokwisha kugeuza mgongo. Au yaweza kutulia na kazi yake na kungojea hodi. Wataalamu huiita hodi hiyo kikatizo, kwa kuwa huikatiza kazi iliyo mkononi. Mimi nitazidi kuiita hodi.

Waya ubadilipo hali, ishara humfikia bawabu. Bawabu huyu si programu. Ni sehemu ya prosesa iliyochorwa katika silikoni, naye anayo daftari la vyeo. Akiona kuwa mwenye kubisha ana cheo kupita kazi inayoendelea, kazi ile husimamishwa. Prosesa hutwaa rejista zake nane, zenye hesabu zilizofikiwa katikati na anwani ya kurudia, ikaziweka katika rundo la kumbukumbu. Kisha husoma katika jedwali anwani ya mpokea hodi anayehusika, ikamwendea. Yote haya hutimia kwa hatua 12, kumbukumbu isipochelewesha. Na kwa ubao wetu hatua 12 ni sehemu moja ya sita ya sehemu ya milioni ya sekunde. Mpokea hodi akimaliza, rejista nane hurudishwa mahali pake, na kazi ya kwanza huendelea, wala haina habari kuwa ilisimamishwa. Mama mwenye mwiko hafikii wepesi huo.

Juu ya prosesa tuliweka kiini cha mfumo endeshi kiitwacho FreeRTOS, kilichoanzishwa na Richard Barry mwaka 2003. Kiini ni mwenye nyumba. Ndicho kigawacho zamu, kiamshacho kazi iliyolala na kulaza kazi isiyo na la kufanya. Na chenyewe huishi kwa hodi, maana tulikiwekea saa ya kukibishia mara 1,000 kila sekunde, ili kizinduke kitazame zamu ya nani imefika.

Mpokea hodi wa mita nilimwandika kwa mkono wangu. Alikuwa na mistari miwili tu: ongeza moja katika jumla, rudi. Niliuonea fahari ufupi wake. Jumamosi alasiri tukaenda kwa bibi, tukajaza mitungi mitano, na kiooni ikasimama 100. Wanafunzi walipiga makofi, na bibi akatuletea mahamri.

Aliyekuwa akiuza pale bombani ni kijana wa miaka 17, ambaye zamani nilimfundisha, akaacha shule katika kidato cha pili kwa kukosa karo. Alikuwa mpole, mwepesi wa hesabu za kichwani. Juma la kwanza la mashine lilipita vizuri. Juma la pili bibi akaniita. Mashine ilisema kuwa siku ile zimetoka lita 2,940, ndiyo mitungi 147, ndiyo shilingi 735. Fedha zilizopatikana, za mkononi na za simu pamoja, zilikuwa shilingi 610. Tuliangalia siku ya pili, upungufu ukawapo. Na ya tatu, ukawapo. Kwa siku sita ukafika shilingi 840.

Kijana aliulizwa mbele yangu. Aliapa kuwa hakuchukua hata senti moja. Kisha akanigeukia, akasema maneno ambayo ningali nayasikia: "Mwalimu, asubuhi pampu ikilia, nambari hukimbia."

Nilimjibu kuwa nambari hazina miguu. Watu waliokuwapo wakacheka.

Niseme kweli, nilikuwa na sababu zangu. Mashine niliijua mstari kwa mstari. Moyo wa kijana sikuujua. Nilirudi Jumamosi nyingine alasiri nikajaribu tena kwa mitungi mitano, na kiooni ikasimama 100 kamili, kama ile siku ya kwanza. Nikamwambia bibi kuwa mashine ni nzima. Sikumtaja kijana kwa jina wala kwa kidole. Walakini mtu akisema kuwa mizani ni nzima na unga umepungua, amekwisha kumtaja mpimaji. Shilingi 840 zikakatwa katika ujira wake, na mwisho wa mwezi kijana akaondoka. Nikaambiwa amekodi mkokoteni, anauza maji upande wa Mtongwe.

Alipochukuliwa mwingine, mtoto wa ndugu yake bibi mwenyewe, mtu mzima wa dini na wa kuaminiwa, upungufu ulibaki pale pale.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Katika kusoma kwangu nilikuwa nimekutana na habari za Mholanzi Edsger Dijkstra, ambaye katika miaka ya 1950 alipewa kazi ya kuandika programu za kuiunganisha tarakilishi ya Electrologica X1 na vyombo vyake. Tarakilishi hiyo ilikuwa miongoni mwa za mapema zilizojua kupokea hodi. Dijkstra alieleza katika maandishi ya uzee wake kwamba alipoletewa habari hiyo aliingiwa na hofu, na sababu aliyoitoa ni ya mtu mwenye akili. Mashine isiyojua hodi, ukiipa kazi ile ile mara mia, huifanya vile vile mara mia. Kosa likitokea leo, waweza kuliita kesho likaja. Lakini hodi hufika saa itakayo yenyewe. Kosa lililo ndani yake hutokea pale tu mgeni fulani akutanapo na kitambo fulani, na ukimwita jirani aje ashuhudie, kosa halipo tena. Dijkstra hakukimbia, aliifanyia kazi hofu yake, na mwaka 1959 akatoa tasnifu Amsterdam juu ya jambo hilo. Habari hizo nilizisoma kama hadithi ya mbali. Sasa nikajiuliza: kwani nimeijaribu mashine hii saa ngapi? Siku zote alasiri. Na pampu huwashwa saa ngapi? Alfajiri, na huzimwa kabla ya saa nne.

Siku ya pili nilifika bombani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pampu inanguruma na bomba zima linatetemeka chini ya kiganja. Nikaweka mtungi mmoja. Ulipojaa, kiooni palisomeka 27. Nikaumwaga, nikaujaza tena: 24. Nambari zilikuwa na miguu.

Sikilizeni sasa kosa lilikuwa wapi. Ndimi mbili za chuma zikigusana hazitulii papo hapo. Huruka, huachana na kugusana tena mara kadhaa katika muda wa sehemu chache za elfu za sekunde. Jicho haliwezi kuona hayo, lakini prosesa iendayo hatua milioni 72 huyaona yote, na kila mguso kwake ni hodi mpya. Alasiri, bomba likiwa limetulia, mruko ulikuwa mdogo, na waya mrefu wenyewe ukaumeza. Asubuhi, sumaku ikiwa ndiyo kwanza inakaribia na pampu inatikisa kila kitu, ndimi zilitetemeka kama meno ya mwenye homa. Mgeni mmoja alibisha hodi mara tatu, kama ilivyo adabu, na mpokea hodi wangu wa mistari miwili akaandika daftarini: wageni watatu.

Mtu aliyefedheheka hupenda kutengeneza upesi, na utengenezaji wa upesi ni ndugu wa uharibifu. Usiku ule ule nilimwongezea mpokea hodi mstari mmoja: ukisha kuongeza moja, simama mlangoni muda wa milisekunde 50, mpaka ndimi zitulie, ndipo urudi. Asubuhi nikaujaribu, pampu inanguruma, na mtungi ukasoma 20. Nilirudi nyumbani nimesimama wima.

Alasiri simu ikalia. Wasukuma mikokoteni wawili wamelipa kwa M-Pesa, mitungi kumi kila mmoja, na mashine yasema hawakulipa. Mmoja amekwisha kumshika muuzaji shati. Nikaenda mbio. Nilipoufungua ujumbe uliohifadhiwa katika kumbukumbu, niliukuta umekatwa katikati, kama barua iliyoliwa na panya, na sehemu iliyoliwa ndiyo yenye kiasi cha fedha.

Modemu yetu huleta maneno kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, na kila herufi huchukua biti 10. Basi herufi moja hufika takriban kila milisekunde moja. Sehemu ya prosesa izipokeayo ina kiti kimoja tu cha mgeni: herufi isipoondolewa kabla ya ya pili kufika, moja kati yao hupotea. Nami nilikuwa nimemsimamisha mpokea hodi wa mita mlangoni kwa milisekunde 50, na nilizipa hodi zote mbili cheo kimoja, hata ya modemu haikuweza kuipita ya mita. Kila mita ilipobisha wakati ujumbe unaingia, herufi karibu 50 zilipita mlango wa uani, hapana wa kuzipokea. Zilibisha zikaenda zao. Katika kuuponya mlango mmoja nilikuwa nimeuziba mwingine.

Ndipo nikafanya nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, nikasoma kwa utulivu jinsi walionitangulia walivyoitatua shida hii. Waandishi wa viini, tangu vile vidogo mpaka Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, huigawa kazi ya kupokea hodi mafungu mawili, na katika Linux mafungu hayo kwa desturi huitwa nusu ya juu na nusu ya chini. Nusu ya juu ndiyo impokeayo mgeni mlangoni: humwitikia, humketisha barazani, huandika kuwa amefika, basi. Haipiki, haizungumzi, haingoji. Nusu ya chini huweza kufanywa baadaye na mtumishi wa kawaida, ambaye naye aweza kukatizwa, na aweza kulala akingojea jambo bila ya kuziba njia ya mtu. Kiini chetu cha FreeRTOS kinamkataza kabisa mpokea hodi kulala; kinampa njia maalumu za kumwamsha mtumishi kisha ajiondokee. Katazo hilo nililisoma mwanzo nikaliona kuwa ni la watu wenye vinyongo.

Basi mpokea hodi mpya wa mita alifanya mambo mawili. Aliufunga mlango wake mwenyewe, wa mita tu, na milango mingine akaiacha wazi. Kisha akamwamsha mtumishi. Mtumishi huyo hutazama waya mara tano, na kati ya kutazama na kutazama hulala milisekunde 10, ambazo kiini huwapa wengine wazitumie. Mara zote tano zikisema kuwa ndimi zimegusana, ndipo aandikapo lita moja. Kisha hungojea mpaka azikute zimeachana mara tano mfululizo, akaufungua mlango, akalala. Zikipingana, huufungua mlango bila kuandika kitu, akalala. Lita moja pale bombani huchukua kama sekunde nne kupita, kwa hiyo ana nafasi tele. Na modemu niliipa cheo cha juu kuliko mita. Hapa pana mtego kwa mgeni wa kazi hii: katika prosesa za Cortex-M nambari ndogo ndiyo cheo kikubwa, kinyume cha vile vidole vya mtu vitakavyo kuandika.

Habari ya vyeo mwenyeji wa Likoni haimpi taabu. Penye kivuko magari hupanga foleni ndefu juani, na ghafula king'ora kikasikika, magari yakajibana, gari la wagonjwa likapita mbele ya wote. Hapana anunaye. Walakini feri ikiwa imekwisha kuondoka, ipo katikati ya mkondo wa Kilindini, hata gari la wagonjwa lingojee, maana feri haigeuzwi majini. Kiini nacho kina vitambo vya namna hiyo. Tuseme kazi fulani imesoma jumla ya lita, yataka kupunguza zilizokwisha lipiwa kisha iandike nambari mpya. Hodi ikiingia katikati ikaongeza moja, kazi ikirudi itaandika juu yake hesabu ya zamani, na lita ile imepotea bila ya mwizi. Kwa hiyo katika kitambo hicho hodi hufungiwa mlango. Sheria ni kwamba mkondo uwe mwembamba: mwenye kufunga mlango afunge kwa hatua chache, afungue. Kosa hili nililijua na kulikwepa tangu siku ya kwanza, nami nalitaja ili msidhani kuwa sikujua chochote.

Na wenye vyombo vikubwa kuliko cha bibi nao wamejaribiwa. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikishuka mwezini, tarakilishi yake ilitoa onyo lenye nambari 1202: kazi zimezidi nafasi. Ishara zisizo na faida, zilizotoka katika saketi za rada, zilikuwa zikiiba sehemu ya muda wake. Kilichowaokoa wale watu ni kwamba programu ilitungwa ikijua vyeo. Ilianza upya mara kadhaa, ikaziacha kazi ndogo, ikaishikilia ya kushusha chombo.

Mashine ilipokaa siku saba bila upungufu wala ugomvi, nilikwenda kwa bibi nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na mtoto?"

Nilikwenda Mtongwe Jumapili asubuhi, na shilingi 840 katika bahasha, zangu mwenyewe, maana deni lilikuwa langu. Nyumba nilielekezwa na watoto. Nikasimama nje nikabisha hodi. Hapakuwa na jibu. Nikabisha ya pili. Nilisikia chombo kinatuliwa chini, na sauti ya mtu aliyeitambua sauti yangu, akanyamaza. Nawaambieni kuwa kati ya hodi ya pili na ya tatu pana urefu ambao hatua milioni 72 kwa sekunde haziupimi. Nikabisha ya tatu.

"Karibu," akasema mama yake.

Kijana alitoka, akaniamkia kwa heshima ile ile ya darasani, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Nikasema mbele ya mama yake na mbele ya jirani waliokuwa uani, kwa kuwa kicheko cha siku ile kilikuwa cha hadharani, kwamba mashine ilikosa na mimi nilikosa, na kwamba aliniambia kweli nikamfanyia mzaha. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akampa mama yake bila ya kuifungua. Hakusema kuwa amenisamehe, wala sikumwuliza. Alisema tu kuwa kazi ya bomba haitaki tena. Mkokoteni wampa riziki, na hapana amhesabuye.

Nilikwisha kuaga nilipomsikia nyuma yangu. "Mwalimu, ule mtetemeko umeuzuia kwenye programu, au kwenye bomba?"

Nikamwambia, kwenye programu.

"Na bomba lingali linatetemeka?"

Nikakiri.

Alasiri ile ile alikuja na mkokoteni wake, akakata vipande vya tairi kuukuu, akavipachika kati ya bomba na vyuma vilivyolishikilia, mahali pawili, kisha akawasha pampu. Niliweka kiganja juu ya bomba, mnguruko nikausikia kwa mbali tu, kama wa gari la barabara ya pili. Tukajaza mitungi 20 yeye na mimi, mmoja baada ya mwingine, bibi ameketi kwenye kigoda anahesabu kwa tasbihi. Kiooni palisomeka 401.

Nilikuwa nimekwisha kushika bisibisi.

"Mtungi wa tatu ulifurika, Mwalimu," akasema. "Ulikuwa ukitazama kioo."